Kadi Moja, Ndugu Kumi: Maswali Yenu Kuhusu Kununulia Jamaa Mtandaoni

Barua za safari hii karibu zote ni swali moja lililobadilisha nguo tu: nina kadi ya Costco, ndugu zangu hawana, nifanyeje? Kwa mliopo nyumbani na hamjaliona duka lenyewe, hilo ni ghala la Kimarekani linalouza kwa jumla, na kwa kawaida huhesabiwi mteja mpaka ulipe ada ya mwaka. Kadi ya kawaida ni dola 65, ile ya Executive ni dola 130, bei zilizoanza Septemba 2024. Sam's Club nao wana mtindo huohuo, ila leo nabaki na Costco kwa kuwa ndiyo kadi iliyomo mkobani mwangu.

Shikamoo Shangazi. Mimi niko Minneapolis, mdogo wangu amejifungua Dallas. Naweza kumwagizia pampasi na mahitaji mengine mtandaoni yakafika kwake moja kwa moja? – Mama Mkubwa

Marahaba, na hongereni kwa kupata mtoto. Unaweza, wala si ujanja. Wanachoangalia ni uanachama wa mnunuzi. Nani atazivaa hizo pampasi hawana habari naye. Ingia kwenye akaunti yako, ongeza anwani ya Dallas, na uibadilishe *kabla* ya kuanza kujaza kapu. Wengi huteleza hapo. Wanajaza kapu kwa anwani ya Minneapolis, wakibadilisha mwishoni nusu ya vitu vinakataa au bei inageuka, kwa sababu mtandao unaangalia mzigo unakwenda wapi.

Bei pia ina tabaka. Vitu vingi vya mtandaoni vimeshafichiwa nauli ndani yake, kwa hiyo usishangae pampasi zilezile zikiwa nafuu ghalani. Vyakula vikavu na vifaa vya usafi vina huduma ya siku mbili, na ukifikisha dola 75 hutozwi usafiri. Ukitaka vifike leoleo, pamoja na maziwa na kuku, hiyo inapitia Instacart, kampuni ya kupeleka vyakula majumbani, na hapo bei hupanda na dereva anategemea bakshishi. Kwa mzazi aliyetoka hospitali jana ningelipia hiyo ya leoleo mara moja tu, kwa ajili ya chakula, halafu mengine yote yasubiri siku mbili.

Kodi ya mauzo hufuata mahali mzigo unaposhukia. Texas waliziondolea pampasi kodi hiyo tangu Septemba 2023, lakini nguo bado wanazitoza. Kwenu Minnesota nguo hazitozwi. Basi nguo za mtoto nunua hukohuko kwako, uende nazo ukienda kumwona.

Na usimrundikie saizi ya kwanza. Boksi moja lina pampasi karibu mia mbili, na mtoto hana adabu ya kungoja boksi liishe ndipo anenepe. Moja la saizi ya kwanza, mawili ya saizi ya pili, inatosha.

Shangazi, binamu yangu anaomba nimpe pasiwadi yangu ya Costco awe anaagiza mwenyewe. Kuna ubaya? – Wa Columbus

Upo. Kadi hiyo ni yako wewe, na huruhusiwi kuiazima. Unachopewa ni kadi ya pili ya bure, kwa mtu mmoja tu aliyefikisha miaka 18 na anayekaa nawe anwani moja. Binamu wa mtaa wa pili hayumo. Tangu 2024 wameweka mashine ya kusoma kadi mlangoni, na picha yako inatokea, kwa hiyo ule mchezo wa "nipe kadi niruke mara moja" umeshakwisha.

Lakini sheria za duka tuziweke kando. Mimi niliwahi kumpa binamu pasiwadi, eti anataka tu kuangalia bei ya matairi. Haikupita wiki mbili, mama ananipigia kutoka Tanga. Salamu ndefu, kuku, mvua, jirani, halafu: "Nasikia umenunua televisheni ya inchi 75. Na huku paa linavuja." Binamu alikuwa amezipitia oda zangu zote tangu mwaka juzi, hadi godoro. Niliezeka paa.

Mpe kitu kingine. Kuna kadi ya fedha ya dukani wanayoiita Shop Card. Wewe mwanachama ndiye unayeinunua na kuijaza, yeye anaingia nayo ghalani na kununua bila uanachama. Au aingie costco.com kama mgeni: vitu vingi atauziwa, kwa nyongeza ya asilimia 5. Kama ananunua mara mbili kwa mwaka, hiyo asilimia 5 ni nafuu kuliko ada ya dola 65, na ni nafuu zaidi kuliko ugomvi.

Naweza kumwagizia mama blenda ikafika Tanga? Na mchele? – Mtoto wa Chumbageni

Costco ya Marekani haipeleki mzigo Tanzania wala Kenya, na Afrika nzima hawana tawi. Unachoweza ni kuagiza vifike kwa wakala wa mizigo aliye hapahapa Marekani, au kwa ndugu anayejiandaa kusafiri.

Blenda acha. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Ukiichomeka Tanga bila transfoma itanguruma kama pikipiki, itatoa moshi, na mama atasema mtoto wangu kaniletea kitu kibovu. Kabla ya kununua chochote chenye waya, kigeuze utazame kibandiko cha chini au maandishi madogo ya kwenye chaja. Kikisomeka 100-240V, tia kwenye boksi. Chaja za simu na kompyuta nyingi ziko hivyo. Kikisomeka 120V peke yake, kirudishe rafuni. Vitu vya kuchemsha, kusaga na kupiga pasi karibu vyote viko kundi la pili, na transfoma ya kuvibeba ina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Blenda ya volti 230 ipo dukani Tanga, na ikiharibika fundi wake yupo barabara ya pili.

Mchele? Mwanangu, kweli unataka kupakia mchele Marekani upeleke kwenye nchi ya mchele wa Kyela? Mtumie mama hela kwa simu.

Vinavyostahili safari ni vitamini, mashuka, taulo na viatu. Vitamini soma tarehe ya kuisha, maana pipa la kupitia meli linachukua wiki nyingi. Kwa mzigo wa pipa, mtake wakala akuandikie bei ambayo ndani yake ushuru umeshahesabiwa. VAT ya Tanzania ni asilimia 18, ya Kenya 16, na ukiambiwa "tutaongea mzigo ukifika" ujue maongezi hayo yatafanyika mama akiwa amesimama bandarini.

Wifi yangu ananiagiza vitu kila wiki, anasema "nitakurudishia." Sasa imefika dola 640. Namwambiaje? – Nimechoka, Houston

Pole. Swali hili limo kwenye barua nyingine nne, nyingine zikitaja mashemeji, moja ikimtaja mchungaji.

Kwanza deni lililopo. Mpigie mwenyewe. Usimtume mumeo, maana kaka mtu ataingia na huruma na hizo 640 zitageuka sadaka. Na usiandike kwenye grupu la familia. Mwambie: wifi, nimekaa na risiti, hesabu imefika 640, tuanze na 100 kila ukilipwa mshahara. Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa "lakini hata usijali." Najua ulimi utakuwasha.

Kuanzia sasa, oda iende hivi. Anakutumia picha ya anachotaka ikiwa na namba ya bidhaa, si "yale mafuta uliyonipa Krismasi." Unajaza kapu kwa anwani yake, unafika hadi ukurasa wenye jumla na kodi, unapiga picha ya skrini unamrushia. Hela ikiingia kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela benki kwa benki, unabonyeza. Isipoingia, kapu linakaa. Kapu haliozi.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliuliza ila wifi atakuja kuliuliza. Ukiwa na kadi ya Executive unarudishiwa asilimia 2 ya manunuzi mengi, mwisho dola 1,250 kwa mwaka, na oda zake zinahesabiwa kwako. Mwambie mapema, kabla hajasikia kwa mwingine kwamba unamfanyia biashara. Tofauti ya kadi mbili hizo ni dola 65, kwa hiyo inajilipa ukinunua za dola 3,250 kwa mwaka, kama 271 kwa mwezi. Nyumba moja ya watu wawili huenda isifike. Nyumba yako na ya wifi pamoja mnafika, tena pampasi zikiwemo ni mapema. Mimi hizo asilimia 2 namnunulia wifi yangu kuku wa kuchoma wa palepale dukani, na hajawahi kulalamika.

Nilimwagizia kaka televisheni, imefika na ufa. Nani anairudisha?

Wewe, kupitia akaunti iliyonunua. Ya mtandaoni inaweza kurudishwa ghala lolote lao, na kwa mzigo mkubwa unaweza kuomba waje kuuchukua nyumbani kwake. Televisheni ina siku 90, msizilaze. Fedha zinarudi kwenye kadi iliyolipa, kwa hiyo kama kaka alishakulipa, mrudishie siku hiyohiyo.

Mastercard yangu mtandaoni inakubali, ghalani ikakataa. Imekufa?

Haijafa. Ghalani kwa kadi za mkopo wanachukua Visa tu. Mtandaoni wanachukua zote mbili.

Naweza kuwaagizia watu wa grupu letu la WhatsApp na kuongeza kidogo juu?

Hapo umeshakuwa muuzaji. Kata kadi ya biashara, ada ni ileile dola 65, na ukaulize jimbo lako habari ya kodi. Usiifanye kwa kadi ya nyumbani.

Baba anakuja kututembelea kutoka Mombasa, kila siku anasikia jina Costco. Ataruhusiwa kuingia nami? – Binti Mzee

Ataingia. Mwanachama anaruhusiwa wageni wawili. Kulipa ndio unalipa wewe. Anzeni kwenye kuonja, mwacheni asukume toroli mwenyewe, na mmalizie kwenye soseji na soda ya dola 1.50, bei waliyoishikilia tangu 1985. Soseji ni ya ng'ombe. Habari ya machinjo muulizeni mzee kabla ya kuagiza. Na avae sweta. Kile chumba cha mboga na maziwa kina baridi ya Limuru mwezi wa saba, na mzee wa Mombasa hatadumu humo dakika mbili.