Amalize dozi kwanza

Mama Otieno, Juni 2021 uliuliza kama mdogo wako wa Leicester, Uingereza, aliyedungwa chanjo ya korona ya AstraZeneca mara moja, aje Kisumu wakati ule. Mimi nilisema angoje. Asidanganyike kwamba ya pili angeipata huku: tangu India izuie mauzo ya nje ya chanjo hizo, zilikuwa za kubahatisha. Na kafyu yetu huku magharibi ilikuwa ikianza saa moja jioni tangu Juni 18, hata kumpokea uwanja wa ndege kulikuwa mtihani.

Kuja kulikuwa rahisi, mzigo ulikuwa kurudi. Uingereza ilitutia orodha nyekundu, ya nchi za hatari ya korona, Aprili 9, kwa hiyo angefungiwa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750 zake mwenyewe. Hizo si angejenga simba, nyumba ya kijana wa Kiluo, kwa baba na bati juu! Kama angekuja hata hivyo, kipimo cha korona cha PCR kilitakiwa kisizidi saa 96 tangu apimwe.