Mwanangu, usiingie mji wa watu usiku

Kimara, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na baba yako, na ulipofika pale unaposema "peke yangu" alinyanyuka akaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Umeniuliza: unataka kutoka hapa mpaka Cape Town kwa nchi kavu, mwezi mzima, huna wa kufuatana naye; mimi niliyefuata vitenge Zambia na Lubumbashi miaka kumi na minne nakushauri nini? Ukamalizia kwa sauti ya chini, "ila usiniambie nisiende." Sikwambii. Nilianza safari zile nikiwa mdogo kuliko ulivyo leo, wewe nikakuacha kwa bibi yako una miaka mitatu. Mdomo wa kukukataza nautoa wapi?

Nitaanza na lile ambalo ukisahau mengine yote hili usilisahau: panga kufika mchana. Naona vijana mnaulizana sana nchi gani ni salama na ipi si salama. Mimi nchi sikuwahi kuiogopa, nilikuwa naogopa saa ya kushuka stendi. Ukishuka saa nane za usiku huchagui teksi, teksi inakuchagua wewe. Gesti ni ile ya kwanza yenye taa, na bei ni atakayoitaja mwenye ufunguo. Ndiyo maana tiketi ya Dar hadi Lusaka moja kwa moja sikuwa naikata, hata wapiga debe waniite majina. Nalala Mbeya. Asubuhi natafuta gari la Tunduma, mpakani, navuka kukiwa kweupe, halafu upande wa Nakonde, Zambia, siku zile nilikuwa napanda basi ambalo hesabu yake inaniingiza Lusaka kumekucha. Likiwahi kufika, sitoki stendi. Nakaa na wanawake wenzangu wenye mizigo mpaka jua litoke. Tulikuwa tunapeana zamu za kusinzia, na wengine hata majina yao sikuyajua.

Hapo kwenye hesabu kuna mtego. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na saa zao wanahesabu kizungu. Basi la saa kumi asubuhi la Lusaka ni saa nne, na wakati huo hapa Kimara ni saa tano. Sasa mpakani wako watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, wengine saa zao za Bongo, wengine za Zambia, na wote wako mtaa mmoja. Mimi basi limeniacha kwa hesabu hii. Ukitajiwa saa, uliza: ya upande gani? Usione haya.

Pesa. Unakumbuka kile kibunda cha kwacha ulichokuwa unachezea duka-duka? Nikueleze kilikotoka. Mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake, elfu moja ya zamani ikawa moja mpya, na noti za zamani zikaondolewa madukani. Mimi nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka bila kusafiri kwa ajili ya uzazi wa mdogo wako. Narudi Tunduma, basi la Nakonde linapiga honi, kijana ananibadilishia pesa mbiombio, noti zimejaa sifuri, moyo ukanikunjuka. Nikaenda kununua maji, muuza duka akazigeuza, akacheka, akamwita na mkewe aje azione. Pesa ya mzigo mzima! Yule kijana hakunipora. Nilikuwa na haraka, akaitumia.

Kwa hiyo ukifika mpakani badilisha kiasi cha chakula na nauli tu, tena dirishani, siyo kwa anayekukimbilia. Uwe umeshatazama bei ya siku hiyo kwenye simu, na hesabu mwenyewe kabla pesa yako haijatoka mkononi. Angalia pia jina la nchi kwenye noti, maana Malawi nayo ina kwacha yake na haina thamani sawa na ya Zambia. Dola beba za akiba, safi, za toleo la karibuni, zisizochanika wala kuandikwa kalamu; dola kuukuu unarudishiwa usoni. Kadi ya benki uwe nayo, lakini usiweke roho yako yote kwenye pesa ya simu. Hiyo imetuzoesha vibaya hapa nyumbani, ukivuka mpaka unajikuta na salio usilolila. Pesa igawe mara tatu, na fungu moja lisiguswe kabisa: nauli ya kurudi na usiku mmoja wa gesti nzuri. Fungu hilo ndilo litakaloondoa haraka. Mtu mwenye nauli ya kurudi anaweza kusema "hapana, asante" akaondoka.

Mpakani siku hizi si kama zamani. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja. Vishoka lakini hawajaisha. Atakuja mmoja nadhifu kuliko afisa mwenyewe, akuombe pasipoti "akusaidie foleni". Pasipoti ya kwako inashikwa na wewe na aliye nyuma ya dirisha, basi. Ikirudi, soma muhuri palepale: tarehe na siku ulizopewa. Zambia, Botswana na Afrika Kusini hutahitaji viza kwa matembezi, ila siku zina kikomo na anayezipitisha ni wewe, si konda. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha. Kadi ya njano ya homa ya manjano ichukue mapema, maana chanjo inahesabiwa kuwa imeanza kazi baada ya siku 10. Siku hizi ukichanjwa ni ya maisha.

Kuhusu TAZARA, treni ya kwenda Zambia, najua unaitamani tangu ulipokuwa unapunga mkono pale Yombo. Ukikuta inatembea, panda, ni safari ya kilomita 1,860 na utaona nchi yako usivyoiona kwa basi. Lakini inaishia New Kapiri Mposhi, siyo Lusaka, na saa ya kufika ni ya Mungu. Nenda stesheni ukaulize mwenyewe juma hilohilo la safari, na usiwe umelipia chochote cha kesho yake.

Kwenye basi kaa jirani na mama mtu mzima. Msalimie, mpe karanga. Ukifika Lusaka "muli bwanji" itakufungulia milango ambayo Kiingereza chako cha chuo kitaigonga mpaka kichoke. Akikuuliza mwanamume unafikia wapi, unapokelewa na mjomba. Akikuuliza tena, mjomba ni askari. Uongo huu nauruhusu, dhambi nitaibeba mimi.

Kanga beba mbili. Ni shuka, ni pazia la gesti isiyo na pazia, ni mto, ni ya kujistiri ukichimba dawa porini na basi zima liko nyuma yako. Na sweta, mtoto wa Dar wewe! Julai ya Johannesburg si ya kuvaa tisheti ukasema utazoea.

Kazungula, mpaka wa Zambia na Botswana, mimi nilivuka kwa pantoni, malori yamepanga foleni ya siku kadhaa. Tangu 2021 kuna daraja, utapita ukiwa umekaa. Upande wa Botswana usiwe na nyama kwenye begi, wanaizuia kwa ajili ya magonjwa ya mifugo, na wanaweza kukukanyagisha viatu kwenye maji ya dawa. Kanyaga tu, usibishane. Mji wa Kasane usitembee kwa miguu giza likiingia. Pale si vibaka, ni tembo.

Kila jioni nitumie neno moja: mji uliopo na jina la unapolala. Picha si lazima. Siku ukikosa mtandao niambie kabla, ili baba yako asihamie getini.

Yeye amerudi ndani sasa hivi. Hajasema lolote kuhusu safari, ila anauliza begi lako kama lina kufuli. Mjibu mwenyewe, leo, kabla hajalala.

Mama yako