Wakwe Wanakuja na Randa na Msumeno, Nami Nina Mtoto Mchanga

*Shangazi, nakuandikia kutoka Mamboleo, Kisumu. Nina mtoto wa miezi 8, wetu wa kwanza. Wiki ijayo wakwe zangu wanakuja kutoka Kakamega pamoja na mashemeji wawili. Baba mkwe ni seremala mstaafu, na tayari amepiga simu akiuliza vipimo vya madirisha. Anataka kuweka wavu wa mbu, kupaka rangi chumba cha mtoto na kumuundia kitanda. Mashemeji nao wakimshika mtoto, humrusha juu wakishangilia, roho yangu ikabaki mkononi. Mume wangu asema nikilalamika nitaonekana nawafukuza wazazi wake. Nimewaza niende kwa mamangu Nyakach mpaka waondoke. Nifanyeje?*

Mwanangu, usiende Nyakach. Mzee anayeuliza vipimo vya dirisha kabla hajafunga safari amekwisha kumpenda mjukuu wake, na mikono yake ndiyo itakayosema hivyo. Hofu yako nayo ni ya haki, siidharau. Ila dawa yake ni kuipanga hiyo kazi na hiyo michezo kabla hawajafika.

Wa kuzungumza nao ni mumeo. Unajua heshima iliyopo kati ya mkaza mwana na baba mkwe huko kwao, na jinsi neno dogo kutoka kwako linavyoweza kuwa kubwa. Mwambie leo usiku, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Baba Mtoto, nawataka waje. Naomba wewe ndiwe umpigie mzee simu, umweleze kazi ianzie wapi."

Ianzie madirishani. Kwa hapo Kisumu, wavu ndio zawadi kubwa kuliko zote, na pia ndio unaofungua njia ya kupaka rangi: ukiwepo, madirisha yatakaa wazi usiku kucha harufu itoke bila mbu kuingia. Chandarua cha mtoto kisiondolewe kwa sababu ya wavu. Rangi iwe ya maji, si ya mafuta, na mtoto asilale chumbani humo mpaka harufu iishe kabisa. Kama ukuta una rangi kuukuu inayobambuka, mzee asiikwangue kavu kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ailoweshe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, nawe na mtoto mkae kwa jirani siku hiyo.

Kitanda ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mpeni mzee vipimo, kwa kuwa ni mtu wa vipimo. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kichwa kisije kikanasa. Godoro libane vizuri, vidole viwili visipenye kati yake na mbao, na likae chini, maana mtoto wa umri huo yu karibu kujivuta asimame. Ule ubao wa juu atautafuna, nakuhakikishia, kwa hiyo upigwe msasa hadi uwe laini kisha uachwe bila vanishi. Mito isiwekwe. Ndoo za maji za mafundi zimwagwe kazi ikiisha. Maji kidogo tu ndani ya ndoo yanaweza kumzamisha mtoto.

Kuhusu kurushwa, hapo simama imara. Shingo yake bado changa, mikono huteleza, na kama sebuleni kuna pangaboi sihitaji kukueleza zaidi. Lakini usiwanyang'anye mashemeji mtoto bila kuwapa mchezo mwingine. Shemeji ajifunike leso usoni, kisha ajifunue ghafla. Katika miezi 8 mtoto ndipo anapoelewa kwamba aliyefichwa bado yupo, na atacheka mpaka wachoke wao.

Umri huo huo ndio wa kuwalilia wageni. Mumeo awaambie mapema, nyanya asije akaumia moyo mtoto akimkataa siku ya kwanza. Akae karibu, amwache mtoto amzoee kutoka mapajani mwako.

Nyanya naye apewe kazi yake. Kama mtoto atatimiza miezi 9 wakiwa hapo, nendeni kliniki pamoja kwa chanjo ya surua na ile ya malaria. Mama mkwe aliyesikia maelezo ya muuguzi kwa masikio yake atakuwa wa kwanza kuwakumbusha wengine.

Na akitaka kumwonjesha chai au asali? Chai hupunguza madini ya chuma anayoyapata kwenye chakula, na asali ni hatari kabla ya mwaka 1. Mwombe badala yake amlishe uji wa wimbi na viazi vitamu vilivyopondwa, nawe ukapate usingizi.