Cheni inalia hata ukiitia mafuta: ninavyoosha baiskeli yangu nyumbani

Mkuu, umesema kila Jumamosi unaimwagia cheni oili chafu uliyopewa gereji, ikifika Jumanne inalia tena kama kifaranga, na suruali ya kazini imepata mstari mweusi kwenye pindo. Wengi waliokujibu wamekwambia uongeze mafuta. Mimi nasema mafuta yako ni mengi mno, ila hayako yanapotakiwa. Jibu langu ni refu kidogo, nivumilie, maana kuyajua haya kumenigharimu cheni mbili na habu moja, yaani kile kitovu cha tairi.

Niko Tanga. Naendesha Phoenix ya gia moja, ile nzito ya breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, Amboni hadi mjini na kurudi, siku sita kwa wiki. Natokea kwenye vumbi jeupe la chokaa, naingia kwenye upepo wa bahari. Cheni kavu ukiilaza nje usiku mmoja huku kwetu, asubuhi unaikuta ina rangi ya chai.

Kwanza uelewe kinacholia. Isogeze cheni karibu na macho. Kila kiungo kina pini, pini imevikwa bushi, yaani kimrija cha chuma, na juu ya bushi kuna rola ndogo inayokanyaga meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni. Msuguano mkubwa uko kati ya pini na bushi, ndani kabisa, usipopaona. Hapo ndipo panapodai mafuta. Huku nje mafuta yanakamata vumbi tu, yanakuwa tope, na tope lenye mchanga ni msasa. Kibaya zaidi, tope hilo linaziba ule upenyo mdogo ambao mafuta yangepitia kwenda ndani. Kwa hiyo una cheni iliyolowa nje na kavu ndani.

Na hiyo oili chafu yenyewe imeshachoka, imebeba masizi na unga wa chuma kutoka kwenye injini. Ipake kwenye nguzo za uzio kufukuza mchwa. Halafu uionee huruma na mikono yako, oili ya aina hiyo kukaa kwenye ngozi kila wiki, miaka nenda miaka rudi, si salama.

Mimi naosha Jumapili asubuhi, nje, mbali na jiko kwa sababu ya mafuta ya taa. Stendi chini, tairi la nyuma limeinuka. Naanza na cheni kabla ya fremu, kwani ukianza na fremu utaichafua tena. Nachukua tambara kavu, nalikamatisha cheni ya chini, mkono wa pili unazungusha pedeli kinyumenyume, raundi ishirini hivi. Tambara linatoka jeusi tii, nalitupa. Wengi wanairuka hatua hii wanakimbilia mafuta ya taa, na mafuta ya taa yanalilainisha lile tope lote na kulipenyeza ndani.

Kisha ndiyo mafuta ya taa, robo kikombe kwenye kopo, na mswaki wa zamani. Chovya, sugua ubavu wa ndani, wa nje, juu na chini, futa kwa tambara jingine. Usimwage. Yakiingia kwenye friwili (ile ya meno ya nyuma inayoacha tairi lizunguke pedeli zikiwa zimetulia) au habu yanaosha girisi iliyomo, na yakigusa rimu raba za breki zinateleza. Mimi natandika gazeti kati ya cheni na rimu. Meno ya sproketi nayachokonoa kwa kijiti. Kwenye habu, pale katikati ya spoki ambapo kidole hakifiki, napitisha kamba ya katani na kuivuta huku na huku, kama mtu anayejisugua mgongo kwa taulo. Katani hatukosi.

Fremu, madigadi na rimu ni ndoo moja, sabuni ya maji na sponji, hakuna ufundi. La kuangalia ni maji. Kisima chetu kina maji ya munyu, kwa hiyo suuza ya mwisho natumia maji ya bomba au ya mvua niliyokinga. Kuosha baiskeli kwa maji ya munyu na kuianika ni kuipaka chumvi.

Na usiipeleke kwenye presha. Mwaka ule nimeinunua, niliona uvivu, nikaipitisha sehemu moja wanayooshea magari. Kijana akaisimamia na mpira wa presha, akaelekeza maji moja kwa moja kwenye habu na kwenye krenki, ile mikono inayoshika pedeli, tope likaruka, ikang'aa kama mpya, nikamwongezea na hela ya soda. Baada ya wiki tatu tairi la nyuma likaanza kunguruma. Fundi alipofungua habu, girisi ilikuwa nyeupe kama uji wa mchele kwa jinsi ilivyochanganyika na maji, na gololi zimevaa kutu, nyekundu kama punje za mtama. Koni, zile nati zinazokaliwa na gololi, nazo zilikuwa zimechimbika. Tukabadilisha habu nzima. Presha imetengenezwa kung'oa uchafu, na maji yake hayajui kutofautisha uchafu na girisi.

Ukimaliza kuosha, kausha kwa tambara, kisha iache juani mpaka cheni ikauke kweli. Saa moja ya jua la saa nne inatosha. Ukitia mafuta juu ya maji, maji yanafungiwa ndani.

Sasa mafuta yenyewe. Cherehani ni mazuri lakini mepesi, kwa njia yangu hayamalizi wiki. Kopo la kupuliza linafaa kufukuza maji na kulegeza kutu, ila nililolitumia mimi liliniacha njiani siku ya pili. Ya kupikia usithubutu, hasa alizeti, yanakauka yanakuwa gundi. Mimi natumia oili mpya ya pikipiki, ile 20W-50. Lita moja niliyonunua inakaribia kumaliza mwaka wa pili. Nachanganya sehemu tatu za oili na moja ya mafuta ya taa ili iwe nyepesi ya kupenya, baadaye mafuta ya taa yanaruka na oili inabaki ndani.

Kutia natumia bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Cheni yangu ina viungo 112, nilivihesabu. Tone moja juu ya kila rola, kwenye cheni ya chini, upande unaotazama juu, ili pedeli zikizunguka mafuta yasukumwe kuelekea nje kupitia kiungo. Matone 112 ni kama bomba moja na kidogo. Ndiyo mafuta yote ya wiki mbili hayo, mkuu, pima na ile unayomwaga wewe. Alama ya kuanzia ni ile klipu ya kufungia cheni, ukiirudia umemaliza raundi. Zungusha pedeli dakika mbili, kisha iache ilale hivyo mpaka asubuhi.

Asubuhi, kabla hujapanda, futa cheni yote kwa tambara safi, futa kwa nguvu, mpaka ukiigusa kidole kinabaki na unyevu kidogo tu. Utaona kama unapoteza mafuta. Yaliyotakiwa kuingia yameshaingia usiku, hayo mengine ndiyo yaliyokuchorea suruali.

Umeuliza pia kama ni lazima kuifungua cheni. Kila wiki, hapana. Mimi naifungua kila baada ya miezi mitatu hivi, nailoweka kwenye dumu lililokatwa lenye mafuta ya taa, naitikisa, naianika. Wakati wa kurudisha klipu kuwa mwangalifu: ina umbo la samaki, kichwa kimeziba na mkia uko wazi. Cheni ikiwa juu, kichwa kitazame mbele, mkia nyuma. Ukiiweka kinyume, siku ikigonga kitu itachomoka. Na ukibana tairi usiikaze cheni kama uzi wa gitaa, iache icheze sentimita moja hadi mbili ukiisukuma katikati kwa kidole.

Lakini kabla ya kuhangaika na yote haya, ipime. Oili chafu ya miezi mingi huenda imeshaimaliza. Chukua rula ya shule, sifuri iwe katikati ya pini moja, hesabu viungo 20. Cheni mpya itakupa sentimita 25.4 kamili, kwa sababu kila kiungo ni nusu inchi. Ikizidi 25.65 hiyo imekufa, hakuna mafuta yatakayoifufua. Itazame na sproketi: meno yakiwa yameinama kama mapezi ya papa, badilisha vyote pamoja, la sivyo meno mabovu yataila na cheni mpya.

Ikiwa vipimo viko sawa, umeisafisha, umetia mafuta na bado inalia, basi si cheni. Panda, shika kasi, uache kupiga pedeli. Kwenye gia moja yenye friwili cheni inasimama hapo hapo, kwa hiyo mlio ukiendelea uko kwenye habu au madigadi inagusa. Ukisikia "kwi" moja kila mguu wa kulia unaposhuka, shuku pedeli au ile pini inayobana krenki. Gonga pini kwa nyundo kupitia kipande cha mbao, kaza nati, ujaribu tena. Ikishindikana, piga picha ya krenki upande wa cheni uiweke hapa tuione.