Povu likikatika, siki bado haijawa siki

Jana kuna dada wa Wete kaniandikia, ati siki yake ya embe imeacha kutoa povu, aitie chupani aanze kuuza? Usitie dada angu! Nimemjibu, halafu nikaona bora niandike na hapa mana najua wengi wenu mnataka siki zenu zifike mahotelini Nungwi na Paje kama zangu zilivyofika, na wiki hii wameongeza oda, alhamdulillah.

Kumenya na kuponda embe sikufundishi, unajua. Kinachowachanganya watu ni kuwa kuna kazi mbili humo ndooni. Mwanzo hamira inakula sukari, inatoa ulevi na gesi, ndo hilo povu. Likikatika mara nyingi maana yake sukari imekwisha, basi, ulichonacho hapo ni pombe ya embe. Ndo kwanza wanaanza bakteria wa siki, asetobakta, hao wanataka hewa, wanaugeuza ule ulevi kuwa asidi na wala hawatoi povu, kimyaaa. Kwa hio ndoo usiifunge mfuniko, funga kitambaa safi kizito inzi wasiingie. Ile ngozi inayoganda juu, ikiwa laini na haina ukungu wenye manyoya, usiitupe.

Na hapo kati ndo jina langu lilipoponzwa. Harufu ikitoka uani, jirani mmoja akazunguka mtaa mzima, ati kwangu mnapikwa pombe! Mume wangu akawa anaulizwa barazani, mie nikipita watu wanapunguza sauti. Leo huyo huyo anamtuma mtoto na kichupa kuomba siki ya achari. Nampa, lakini sijasahau wallahi.

Haya, utajuaje imeisha? Pua inazowea, usiiamini peke yake. Karatasi za pH nazo, zile zinazogeuka rangi kuonyesha ukali, ikisoma chini ya 4 ni vizuri, lakini hazikwambii nguvu, mana siki ya asilimia 1 na ya asilimia 5 kwenye karatasi zinakaribiana mno. Mie natumia choya, rozela hio, ile nyekundu ya kutengenezea juisi. Chukua kijiko cha siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, tia kwenye maji nusu glasi, tia matone ya choya iliyochemshwa, iwe nyekundu. Koroga bekingi soda kwenye maji mengine pembeni, vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha kwenye ile glasi kidogo kidogo mpaka wekundu ugeuke zambarau, andika umetumia kiasi gani. Fanya hivyo hivyo na yako, kwa maji hayo hayo ya soda. Ikigeuka kwa nusu ya kile kiasi basi nguvu yake nusu, subiri. Wiki ijayo pima tena, na nyengine pima tena, mpaka iache kupanda.

Vijana mnakimbilia lebo na picha za Instagram kabla siki haijawa siki, mteja anafungua anakuta harufu ya ulevi, tena mteja Muislamu! Muogopeni Mungu jamani, riziki haikimbii. Pimeni.

Ila nguvu ikishaacha kupanda usiilaze wazi, mana ulevi ukiisha bakteria hao hao wanaanza kuila asidi yenyewe na siki inapungua nguvu. Chuja, pasha moto mpaka nyuzi 65 au 70, isichemke, tia kwenye chupa za kioo mpaka shingoni, funga.