Anti Tusaidie: Mtoto kaacha pampasi, foleni ya Dar haina habari

Meseji za wiki hii karibu zote zinalia kitu kimoja, safari na mtoto anayefundishwa poti. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imebeba mambo ya wengi, hizo nyingine mtaona.

SWALI: Anti shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitano. Nyumbani anajitahidi kweli, mkojo ukimbana anakimbilia poti mwenyewe. Shida ni tukitoka. Tunakaa Segerea na kila Jumapili lazma twende kwa mama mkwe Kigamboni, daladala mpaka Feri, halafu pantoni ya kuvukia maji, halafu bajaji. Juzi kajikojoa kwenye daladala nimempakata, mkojo ukashuka mpaka kwenye viatu vyangu, dada wa pembeni akavuta gauni lake, na konda akauliza kwa sauti "mama, kwani pampasi zimepanda bei?" gari zima likacheka. Mume anasema tumrudishie pampasi mpaka afike miaka mitatu, mama mkwe anasema wanawe wote waliacha nepi hata kutembea hawajajua vizuri na kwamba mi namdekeza tu. Sa nikae ndani?
Mama wa Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo konda achana naye, kesho atakuwa kamsahau hata mtoto mwenyewe.

Usikae ndani, na mtoto wako hajashindwa. Kukojoa kwenye poti ya sebuleni na kubana mkojo barabarani ni masomo mawili tofauti, ye kafaulu la kwanza tu. Kibofu cha mtoto wa miaka miwili kinabeba kama mililita 120, hata kikombe cha chai hakijai, na wa umri huo akishakwambia "mama kojo" una dakika chache sana, saa nyingine hata hizo huna. Na nje kuna mapikipiki, muziki, muuza karanga, anasahau kabisa kwamba ana mkojo mpaka umeshatoka.

Kwa hiyo safari usiipime kwa umbali, ipime kwa muda ambao huwezi kushuka. Hapo ndo kila kitu kilipo. Kwenye daladala hata iwe foleni ya kufa mtu, kituo kinachofuata unapiga kelele "shusha!" unashuka, umepoteza nauli basi. Kwenye pantoni hushuki. Yenyewe ikishaondoka haichukui muda, lakini ule muda wa kuisubiri na watu wamejaa ndo unaowaua, kwa hiyo mtoto akakojoe kabla hamjaingia kule ndani pa kusubiria hata kama anasema hana mkojo. Au badilisha njia kwa mwezi mmoja hivi, pita Buguruni ushike barabara ya Mandela mpaka Kurasini mvuke na Daraja la Nyerere, tangu lilipofunguliwa 2016 pantoni sio lazima tena. Utabadilisha magari zaidi, sawa, lakini kila unapobadilisha gari ni nafasi ya kukojoa.

Na usimuulize "unataka kukojoa?" maana jibu la mtoto wa miaka miwili unalijua, hapana, hata kama anaruka ruka na kashika dudu lake. Mwambie tu "twende tukakojoe, halafu tupande gari", kama vile unavyomwambia avae viatu. Mpeleke dakika ya mwisho kabla ya kutoka mlangoni, akifika tu mpeleke tena, na katikati kila baada ya saa moja na nusu hivi. Haja kubwa nayo ina saa yake, watoto wengi tumbo linaamka nusu saa baada ya kula, kwa hiyo ukimpa uji saa mbili na saa mbili na dakika tano mko kituoni unajitafutia mwenyewe. Mpe uji mapema, akae kwenye poti bila kulazimishwa, ndo mtoke.

Kuna akina mama wananiandikia kwamba siku ya safari hawampi mtoto maji kabisa. Jamani, joto hili la Dar! Mtoto asiponywa maji anapata choo kigumu, choo kigumu kinauma, akishaumia mara moja anaanza kubana makusudi, hapo mafunzo yote yanarudi nyuma, na mkojo wenyewe ukiwa mkali na mchache ni rahisi kupata maambukizi. Maji mpeni kama kawaida. Soda na juisi za njiani ndo ziache, na chai pia.

Mkoba wako sasa. Poti yenyewe ndogo ya plastiki ibebe, usione aibu, watu wanapanda daladala na kuku sembuse poti. Kwa mtoto wa kiume hata kopo la mdomo mpana lenye mfuniko wa kukaza linatosha kwenye bajaji. Chupi za kutosha, kaptula za lastiki, sio jinzi yenye kifungo na zipu na mkanda, mtoto hawezi kuivua na we mwenyewe hutaiwahi. Khanga mbili, na kipande cha ule mpira tunaotandika kitandani kwa mtoto, kikunje uweke mapajani chini ya khanga ukimpakata, hapo hata akiachia viatu vyako vimepona. Chupa ya maji ya kutawaza na sabuni. Nguo mbichi weka kwenye kopo jingine la mfuniko, msitegemee kuomba rambo, ile mifuko ya plastiki, dukani kama zamani, zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Na chenchi, tena iwe mfukoni sio ndani ya pochi ndani ya mkoba, maana kwenye vyoo vya kulipia vya stendi na sokoni huyo anayekaa mlangoni hata mtoto akiwa anatoa machozi anasubiri hela kwanza.

Hivyo vyoo vingi ni vya kuchuchumaa na mtoto aliyezoea poti analiogopa lile tundu, anadhani atadumbukia. Usimlazimishe asimame peke yake. Mgeuze mgongo uegemee kifua chako, mshike chini ya mapaja umnyanyue, aelekee tundu. Mfundishe nyumbani kwanza. Ukiwa na poti mkojoze kwenye poti halafu umwage chooni, na mavi ya mtoto ni chooni pia, sio mtaroni, mavi ya mtoto yanaambukiza kama ya mkubwa tu na mji huu kipindupindu tunakijua.

Kuhusu pampasi, mumeo nusu kasema kweli. Sio kumrudishia mpaka miaka mitatu, hapana, mtoto ameshaanza kuelewa mnamchanganya wa nini. Lakini safari ambayo unajua kabisa kuna saa mbili huwezi kushuka, mvalishe, na uamue nyumbani, sio umtoe na chupi halafu kufika Tabata Relini unahangaika kumbadilisha kwenye siti. Mvalishe chupi ndani pampasi juu, akikojoa atasikia ubichi, na choo kikipatikana mpeleke vilevile. Usiku endelea na pampasi kwanza, kukauka usiku kunakuja kwa wakati wake, wengine mpaka miaka mitano na hata zaidi.

Mama mkwe usibishane naye. Wazee wetu walikuwa wanashinda na mtoto nyumbani, wanajua uso wake ukibadilika tu wanamnyakua wanamchuchumalisha uani, na kweli nepi zilikuwa hazilowi. Ila hawakuwa wanakaa na mtoto huyo huyo Buguruni kwenye gari lisilosogea. Mwambie "ndio mama, nisaidie", mwachie mtoto mchana mzima amkojoze kila saa. Utapumzika.

SWALI: Anti habari. Mi ni baba, binti yangu ana miaka mitatu, Jumamosi huwa natoka naye Coco Beach mama yake akiwa kazini. Akitaka chooni nimpeleke cha wanaume au cha wanawake? Nikiingia cha wanawake nitapigwa, nikimpeleka cha wanaume roho inaniuma.
Baba wa Kinondoni

JIBU: Baba, nzuri. Cha wanaume, chumba chenye mlango, muingie wote wawili ufunge. Ukiingia umbebe uso wake begani kwako mpite haraka. Usimkabidhi kwa mama usiyemjua akusaidie hata awe na sura ya upole kiasi gani. Ukiwahi poti ya kwenye gari au nyuma ya khanga ni bora zaidi, na gauni linakurahisishia kuliko suruali. Binti anafutwa kutoka mbele kwenda nyuma, mababa wengi hawaambiwi hili. Na akitoka baharini mvue ile nguo mbichi mapema, sio mpaka mfike nyumbani.

SWALI: Tunaenda Morogoro msibani, wa kwangu wa kike ndo kwanza wiki ya pili bila pampasi. Basi au treni?
Mama Mbagala

JIBU: Pole na msiba. Treni ya SGR, ile ya reli mpya, kama hela ya tiketi ipo. Toka ilipoanza kubeba abiria kwenda Moro Juni 2024 wenye watoto tumepona, choo kipo humo humo ndani. Kwenye basi dereva anasimama kuchimba dawa anapotaka ye sio mtoto anapotaka, na porini huko mtoto wa kike aliyezoea poti atakataa kuchuchumaa kwenye majani. Ukipanda basi basi mvalishe pampasi, wiki mbili ni mapema mno. Msibani nyumba imejaa wageni, choo kina foleni kuanzia alfajiri, beba poti yake.

SWALI: Wangu alishaacha kabisa, miezi sita mikavu, sasa hivi kaanza tena kujikojolea hata tukienda dukani. Nimemchapa haisaidii.
Mama wa Mbezi

JIBU: Kuchapa acha leo leo, anajificha tu akibanwa. Nyumbani kumezaliwa mtoto mwingine? Mmehama, kabadilishwa dada wa kazi? Mara nyingi ni hivyo, na inapita ukirudi kumkumbusha kama mwanzo. Lakini angalia: kama analia akikojoa, ana homa, mkojo unanuka vibaya au una damu, au anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa kila saa huku anakonda, usisubiri Jumatatu, mpeleke hospitali akapimwe mkojo na sukari.