Ujumbe huongezwa, au huongezewa muda?

Swali: Niliandika, "Baraza la Usalama limeongeza ujumbe wa kulinda amani kwa zaidi ya miezi sita." Mhariri amenirudishia akisema kuna makosa mawili. Mbona mimi sioni hata moja?
– Msomaji, Moshi

Jibu: Mhariri yuko sahihi. Tuanze na kitenzi. Ukisema "limeongeza ujumbe", nitaelewa kwamba ulikuwepo ujumbe mmoja na sasa umepelekwa mwingine. Kilichoongezwa ni muda, basi utajwe: "limeongeza muda wa ujumbe", au kwa kauli ya kutendea, "limeuongezea ujumbe muda". Katika kutendwa, muda umeongezwa, ujumbe umeongezewa muda. Mpangaji wa fremu pale Kiborloni hakosei hapa: akiongezewa muda anashukuru, akiongezewa kodi ananuna.

"Kurefusha muda" hakuna ubaya. "Kurefusha ujumbe" tuwaachie wanaotuma meseji ndefu.

"Kupanua" nako kuna kazi yake, ila si ya siku. Azimio 2098 la tarehe 28 Machi 2013 kuhusu Kongo liliongeza muda wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini humo, na papo hapo likapanua majukumu yake kwa kuunda brigedi ya kuyakabili makundi yenye silaha, ile ambayo Tanzania ilipeleka askari. Azimio 2132 la Desemba mwaka huohuo, kuhusu Sudan Kusini, liliongeza idadi: kiwango cha juu cha wanajeshi wa ujumbe wa huko kilitoka 7,000 kikafika 12,500. Sasa mtu akiandika "ujumbe waongezwa", nijue ni siku, ni kazi au ni askari?

Kosa la pili ni dogo kwa macho, kubwa kwa hesabu. "Zaidi ya miezi sita" ni saba, minane, hata ishirini. Ulichokusudia ni "miezi sita zaidi", au, ninavyopenda mimi, "miezi sita mingine".

Hata hivyo, ukiijua tarehe ya mwisho, tumia "hadi" uachane na "kwa". Azimio hilo la Kongo lilifikisha muda hadi 31 Machi 2014. Ukihesabu tangu siku ya kura utaandika "mwaka mmoja zaidi", na utakuwa umekosea, kwa kuwa muda wa awali ulikuwa bado unaendelea hadi 30 Juni 2013. Kilichoongezwa ni miezi tisa.